Nilikuuliza Maana

3 Februari

Dada yangu,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimeitwa na mteja. Leo nimefunga mlango wa mbele, nikatundika kile kibao cha "Nimetoka kidogo", nami nimekaa papa hapa nyuma ya cherehani. Kama huu nao ni uongo, uandikwe kwenye ile midogo.

Sisi tupo, tunajikongoja. Shemeji yako anachomelea mageti ya ghala moja kule viwandani. Anarudi macho mekundu, anakula, na kabla sijatoa sahani ameshalala hapo hapo kwenye kiti. Mimi nina sare mia moja na arobaini za shule, mashati na sketi, na kila shati lina vifungo saba. Nikifumba macho naona vifungo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanimaliza. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na simu ikikatika nagundua nililotaka kusema bado ninalo mdomoni. Karatasi haimkatizi mtu.

Nina swali, na wewe ndiye mtu wa maneno katika ukoo wetu. Kadi yangu ya hospitali ilirowa maji ya mvua, wino ukachanganyika. Kliniki wakanipa mpya, na aliyeinakili akahamisha kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na mstari wa siku ile ya mwaka juzi, mwezi wa nane. Pale pana neno refu la kidaktari. Mwandiko wao unaujua, kuku akikanyaga wino anaandika vizuri zaidi. Nimesoma h, kisha y, s, t, e, na r, halafu linapotelea mkiani. Maana yake nini?

Siulizi kwa ubaya. Ni kwamba tangu siku ile sijaziona siku zangu, hata tone. Wewe ulisema mwili umechoka, utakumbuka wenyewe. Sasa ni mwaka na nusu, na hata mwili msahaulifu ungekuwa umeshakumbuka. Nimepata dawa kwa mama mmoja wa mitishamba, nainywa kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani. Shemeji yako husimama mlangoni akanitazama mpaka nimalize, kisha husema, "Mwezi ujao, Mungu akipenda," ndipo huondoka. Basi nataka kujua kama hilo neno lina lolote la kufanya na dawa yangu.

Nijibu kwa barua. Usipige.

Mdogo wako,
Kitinda mimba


12 Februari

Mdogo wangu Kitinda mimba,

Barua yako nimeikuta ofisini juu ya masanduku ya kadi. Hapo kwenye kuku nimecheka peke yangu, mpaka Bwana Mimea akainua kichwa. Huyo ni mzee wetu wa majina ya miti na majani, nimewahi kukusimulia. Tuko watatu bado, chumba kile kile, na feni inayozunguka kwa kulalamika. Kamusi ya biolojia ya shule ina miaka mitano sasa, na tumefika herufi K. Kila neno lina kadi yake, mbele maana, nyuma asili. Jioni nikitoka nina vumbi la karatasi hadi puani, na nikifika nyumbani sina hamu ya kusema na mtu.

Ajabu ni kwamba wiki hii nzima tumegombania neno lako, au jamaa yake. Watoto wa shule waitaje ile sehemu ya mwili wa mwanamke anamokaa mtoto? Mkuu wetu anataka tuandike uterasi, kwa kuwa ndilo watakalolikuta mbele ya safari. Bwana Mimea anataka mji wa mimba. Anasema aliyeitazama mimba akaiona imejengewa mji alikuwa na macho kuliko sisi sote. Mimi nimeshikilia kizazi.

Tazama lilivyo. Limetoka kwenye kuzaa, likapata ndugu wengi: uzazi, mzazi, uzao, mzaliwa, mzalia. Lakini kizazi ndilo lenye mizigo miwili. Ni ile nyama iliyo tumboni, na ni watu wanaotoka humo, mtu na wanawe na wajukuu wake, au hata watu wote wa rika moja. Mkuu anasema hiyo ndiyo kasoro yake, istilahi haipaswi kubeba maana mbili. Nikamwambia si sisi tuliolibebesha.

Hilo la kwako la h, y, s, t, e, r si la kwetu. Asili yake ni Kiyunani cha kale. Wale watu kizazi walikiita kwa jina linaloanza hivyo hivyo, na walikuwa na imani ya ajabu kwamba kinaweza kuhama mahali pake kikatangatanga mwilini, kikamletea mwanamke wazimu. Bwana Mimea aliposikia aliuliza kama kilikuwa kinatafuta kazi. Madaktari wamelirithi jina hilo, nao hulitumia katika mambo mengi yanayogusa sehemu hizo. Ukiliona kwenye kadi, ujue walikuwa wanazungumzia kizazi, basi.

Dawa hiyo iache. Mitishamba usiyoijua itakuharibia figo. Na vifungo saba ni vingi, mwambie mwalimu mkuu sita vinatosha mtoto.

Msalimie shemeji. Nimechoka, nitaandika zaidi siku nyingine.

Dada yako


2 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe. Mkono huu umezoea vyuma, kalamu inauona kama kijiti cha kibiriti. Naandikia karakana, wenzangu wameenda kula.

Mdogo wako alinisomea ulichomwandikia. Alisoma polepole, kisha akaikunja mara nne akaitia kwenye droo ya cherehani. Akasema, "Dada anajua mengi." Nimeona nikuandikie.

Unakumbuka siku ya tatu, pale koridoni hospitali. Mimi ndiyo kwanza nafika na vumbi la safari, maana walinifuata kule tulikokuwa tunapandisha paa la shule. Ukaniambia mtoto ameshazikwa na mke wangu ametolewa kizazi. Nikakuomba usimwambie. Nikasema nitamwambia mwenyewe akipata nguvu. Nguvu alipata zamani, Shemeji. Mimi ndiye sijapata.

Kila asubuhi anakunywa dawa mbele yangu. Nasimama mlangoni kwa sababu miguu inakataa kwenda. Nasema mwezi ujao, kwa kuwa sijui kitu kingine cha kusema, na nikishasema naona haya njia nzima. Juzi nimemkuta anakata kile kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashati. Sare zote zilikuwa zimekwisha hesabiwa. Nadhani anashona nguo za mtoto. Sikuuliza. Nilirudi karakana nikakaa.

Mwambie wewe. Una maneno, ndiyo kazi yako, na wewe ndiye uliyeweka saini. Mimi nikijaribu naishia kusema mwezi ujao. Na ukimwambia, mwambie na hili, maana mimi nitalisahau siku hiyo: watoto niliowataka nimeshawalilia, nikamaliza. Ninayemtaka sasa ni yeye. Simwoni tena. Yupo nyumbani lakini simwoni.

Ni mimi shemeji yako,
Mchomeleaji


9 Machi

Shemeji,

Nimeisoma barua yako asubuhi na mchana, na kila mara imenikuta sina la kujitetea.

Umesema niliweka saini. Kweli. Lakini usidhani ulinipokonya kitu uliponiomba ninyamaze. Nilishukuru kuliko unavyojua. Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaharibu kabla hujafika. Alipozinduka, midomo imekauka, jambo la kwanza aliniuliza, "Nitazaa tena?" Nikamjibu, "Wamekusafisha kizazi tu. Lala." Muuguzi alikuwa pembeni anapima dripu. Aliinamisha macho, akatoka.

Kusafisha kizazi ni jambo moja, kukifunga ni la pili, kukitoa ni la tatu. Miaka ishirini nalipwa mshahara kwa kuyatenga maneno yanayofanana, na siku moja niliyotakiwa kuyatenga nikayachanganya kwa makusudi. Nilidhani ni kwa siku mbili. Baada ya siku mbili nikasema nimwache afike nyumbani. Kisha wewe ukaahidi, nami nikajificha nyuma ya ahadi yako, kama wewe sasa unavyotaka kujificha nyuma ya maneno yangu.

Hata hivyo nitamwambia. Mimi ndiye niliyeanza. Nipe mpaka mwisho wa mwezi huu nipate namna ya kuliandika.

Shemeji yako


18 Aprili

Dada,

Wiki tisa. Nimehesabu kwa sare. Nimemaliza mia na arobaini za kwanza, nimepokea themanini nyingine, na kwako hakujatoka hata mstari mmoja wa salamu. Basi nitasema mimi.

Najua walinitoa kizazi. Nimejua tangu mwezi wa kumi mwaka jana.

Aliyeniambia ni yule msichana wa kliniki aliyenakili kadi. Alipofika kwenye ule mstari aliinua macho akaniuliza, "Mama, hapa unajua kwamba walikutoa kizazi?" Sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama nimekuja na daftari. Nikamjibu kwamba najua. Nadhani niliona aibu kuwa mtu wa mwisho kupata habari za tumbo langu mwenyewe. Nikapokea kadi, nikanunua uzi mweusi niliokuwa nimekusudia kununua, nikarudi nyumbani nikatia pindo sketi nne.

Nikangoja. Nilisema Dada atanitafuta. Novemba ikapita, Desemba ulinitumia kitambaa kizuri na salamu. Januari nikachoka, nikakuandikia Februari. Sikukuandikia kwa kutojua. Nilitaka kukufungulia mlango, wewe uingie tu. Neno lile nililisoma lote mpaka mwisho, halikuwa limepotelea popote.

Nilikuuliza maana, Dada, ukanipa asili. Ukanipa Wayunani. Ukanipa na mzaha juu yake. Nilimsomea shemeji yako barua yote kwa sauti, nikijisikiliza kama ninaweza kufika mwisho bila kulia. Nilifika.

Mama alikuita wewe kifungua mimba na mimi kitinda mimba, na kati yetu alizika watatu. Mimi wangu alikuwa kifungua mimba na kitinda mimba siku moja. Hilo nilistahili kuambiwa nikiwa bado na kidonda, kwa sababu mwenye kidonda hulia na watu humwelewa. Sasa nikilia nitasema nalilia nini?

Lakini sikukuandikia leo ili tugombane. Nina ombi. Shemeji yako hajui. Kila asubuhi ananitazama nikinywa, anasema mwezi ujao, na ile sura yake siiwezi. Hakuna mama wa mitishamba. Ninachokunywa ni tangawizi na majani ya chai niliyoyachemsha mpaka yakakasirika. Nilianza kwa ajili yake, apate kitu cha kutumainia, na sasa siwezi kuacha bila kueleza.

Nikimaliza hizi themanini, mwisho wa mwezi wa tano, naondoka. Mwenzangu niliyejifunza naye kushona ana chumba cha ziada upande wa pili wa mji. Nimeshashona mifuko miwili kwa kile kitambaa cheupe kilichobaki, ya kutilia vitu vyangu. Shemeji yako nitamwambia nimechoka, na haitakuwa uongo. Aoe mwenye kizazi apate kizazi. Unaona, nimelitumia neno lako kwa maana zote mbili, mwambie mkuu wako.

Usimwambie. Safari hii nyamaza kwa faida yangu. Kunyamaza unakuweza.

Mdogo wako


25 Aprili

Kwa wote wawili,

Nimeandika juu ya bahasha kwamba ifunguliwe mkiwa pamoja. Kama mmoja wenu anaisoma peke yake, tafadhali aikunje amngoje mwenzake.

Sasa kaeni.

Mdogo wangu, mumeo anajua. Amejua tangu siku ya tatu, mimi ndiye niliyemwambia, koridoni. Aliniomba nisikuambie kwa kuwa alitaka akuambie mwenyewe, kisha akashindwa. Shemeji, mkeo anajua. Ameambiwa kliniki mwezi wa kumi. Ile dawa si dawa, ni tangawizi, anainywa ili wewe usikate tamaa. Wewe unamwambia mwezi ujao ili yeye asikate tamaa. Kile kitambaa cheupe si nguo za mtoto, ni mifuko. Anataka kuondoka mwisho wa mwezi wa tano ili upate kuoa mwingine. Na wewe, Shemeji, uliniandikia kwamba watoto umeshawalilia ukamaliza, kwamba unayemtaka ni yeye. Uliniambia nimwambie na hilo. Nimemwambia.

Najua mdogo wangu aliniomba ninyamaze. Nimekataa, na anikasirikie.

Sasa langu. Ulianza kutoka damu asubuhi, tukiwa tunapanga nguo za mtoto. Hospitali walikuingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Baadaye daktari akatoka na glovu zake, akaniuliza mimi ni nani wako. Nikasema dada. Akasema kizazi kimepasuka, damu haikamatiki, wakitoe au wakupoteze, na hana muda wa kungoja mume. Nikaweka saini. Kwa saini ile sijutii, ningeiweka tena leo. Ninalojutia ni jibu nililokupa ulipofumbua macho, na mwaka mzima na miezi minane ya kulilinda jibu hilo. Machi nilimwahidi mumeo kwamba nitakuandikia. Nimeandika barua sita, zote nimezichana, kwa sababu katika kila moja nilijikuta naanza kueleza neno.

Nilichokifanya kina jina fupi. Nilikudanganya. Ulikuwa na haki ya kujua mwili wako umebaki na nini, nikakunyima.

Sina zaidi. Sitapiga simu.

Dada


20 Mei

Dada,

Barua ilifika Jumatano. Nilipoona uliyoandika juu ya bahasha nilielewa kwamba umenisema, nikawasha jiko niichome. Kisha nikazima. Niliiweka juu ya meza ya kukatia, nikaendelea kushona mpaka aliporudi.

Alinawa mikono, akauliza chakula. Nikamwonyesha bahasha. Tulikaa kwenye ile benchi ya wateja, maana ndiyo pekee inayotutosha wawili. Nilianza kusoma mimi, nikafika kwenye "mumeo anajua", sauti ikaisha. Akaichukua, akaendelea yeye, kwa kuvutavuta kama unavyomjua kusoma kwake, kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye tangawizi akasimama.

Akaniuliza, "Tangawizi?"

Nikamwambia ndiyo, na majani ya chai.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akasema, "Mimi nilikuwa naomba Mungu usiendelee kuniamini." Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya, na kicheko hicho hicho kikageuka. Sijawahi kumwona analia, Dada. Hata siku ya tatu ile hakulia mbele yangu. Alilia kama mtu anayeinua kitu kizito, kwa kuguna. Mimi sikulia. Nilimtazama nikawaza kwamba nimekaa na mtu huyu chumba kimoja miezi yote hii, kila mmoja anamwigizia mwenzake, tukichoka kwa kazi ambayo hakuna aliyetutuma.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Siku mbili alilala karakana, kwa kuwa nilimfukuza. Nilimwambia angalau wewe ulikuwa mbali, yeye alikuwa anakula sahani moja na mimi. Siku ya tatu alikuja akasimama pale pale mlangoni asubuhi. Sikuwa na kikombe. Hakusema mwezi ujao. Alisema, "Sijui niseme nini leo." Nikamwambia aingie ndani, inzi wanaingia.

Siondoki. Nimemwambia yeye, na wewe nakuambia. Mifuko ameichukua, anatilia nati na bolti. Usiku analala na mimi namsikia hajalala, ila sasa mmoja wetu huuliza, "Uko macho?" na mwingine hukubali.

Na wewe bado nimekukasirikia. Sijui itachukua muda gani. Kuna siku naamka nimesamehe, na nikifika kwenye kifungo cha nne nimeshaghairi. Usije kwanza. Nitakuita.

Ila kuna kitu ninakitaka kwako, na hakuna mwingine anayeweza kunipa. Shemeji yako hakumwona, alifika ameshazikwa. Mimi nilikuwa nimelazwa usingizi. Wewe uliniambia alizaliwa amekufa, wa kike, na kwamba hospitali walishughulikia. Nilipokea maneno hayo matatu nikayaweka, sikuthubutu kuyafungua. Sasa nataka kujua. Alikuwaje? Alikuwa mzito? Alifanana na nani? Yuko wapi?

Na usinihurumie. Niambie kama nilivyouliza.

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikwenda ofisini. Nimekaa mezani nyumbani tangu asubuhi, na nitakujibu kwa mpangilio ulioulizia.

Alikuwa na kilo mbili na gramu mia nane. Walimpima mbele yangu, kwenye mizani yenye kitambaa cha bluu. Nywele nyingi, zimelala upande kama zimechanwa. Ngozi bado nyeupe, ila ncha za masikio zilikuwa zimeshaanza kuwa na rangi yako. Sikio la kushoto lilikunjika juu, kama la mumeo, mtazame utaliona. Vidole virefu. Mama alikuwa na vidole vile, na wewe unavyo. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na kucha ndefu, na shavuni alikuwa na mstari mwembamba mahali alipojikuna mwenyewe humo ndani. Niliutazama sana ule mstari. Nilifikiri, kumbe ameshakuwa na shughuli zake.

Alifanana na wewe usingizini. Ile midomo unayoifanya kama unataka kubishana.

Shuka za hospitali zilikuwa na mihuri, sikutaka azikwe na muhuri. Nilimfunga kwa sweta langu la kijani, lile uliloniuliza baadaye liko wapi, nikakujibu nililisahau garini. Hospitali hawakushughulikia kitu. Nilimpeleka mwenyewe kesho yake asubuhi, mimi na mchimbaji mmoja, kwenye makaburi ya barabara ya juu, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha matofali. Ukiingia geti dogo, safu ya tatu mkono wa kulia, wa mwisho kabla ya ukuta. Niliweka matofali manne pembeni. Nimerudi mara mbili, kila mara nilipokuja kwenu nikakuambia nakwenda kununua tiketi ya kurudia. Mara ya mwisho yalikuwa matatu.

Sasa kuna jambo hukuniuliza, kwa kuwa nilihakikisha huna sababu ya kuliuliza. Nimeishika kalamu nikaiacha tangu saa tatu. Umesema nisikuhurumie.

Hakuzaliwa amekufa.

Walimtoa kwanza yeye, kabla daktari hajatoka na karatasi. Muuguzi alimleta chumba cha pembeni nilipokuwa, akamsugua mgongo, akampulizia, akamfyonza pua kwa mpira. Akalia. Mara moja tu, na si kwa nguvu. Sauti nyembamba, iliyopanda kisha ikakatika kama mtu aliyekumbuka jambo. Muuguzi akatikisa kichwa, akampa hewa tena, kisha akaniambia nimshike, na nikajua kwa nini ananipa. Daktari alipokuja kuniuliza mimi ni nani wako nilikuwa nimembeba. Niliweka saini kwa mkono wa kulia, yeye yuko wa kushoto, na alikuwa hai.

Ziliandikwa dakika kumi na moja. Niliziona kwenye daftari lao. Macho aliyafumbua kidogo mara mbili, meusi, hayakutazama mahali. Alikuwa na joto. Alinishika kidole hiki cha shahada, si kwa kukamata, kwa kukiegemea. Nilikuambia alizaliwa amekufa kwa sababu nilidhani kupoteza asiyelia ni rahisi kuliko kupoteza aliyelia. Sijui kama ni kweli. Halikuwa langu kuamua.

Nilimsemesha muda wote. Sikuwa na la maana, nilimtajia watu. Nikamwambia babako yuko juu ya paa la shule anapigilia mabati, na mimi ni mama yako mkubwa, usinijali nikitetemeka. Mlango wa kule ulikokuwa ulikuwa umefungwa, na juu yake taa inawaka. Alipoanza kupunguza pumzi nilimgeuza uso upande ule wa mlango, nikamwambia, "Mama yako yumo humo ndani, anakuja sasa hivi."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza siku ile. Wewe nilikudanganya wa pili.

Dada yako